Kichwa Kilichogeuzwa Kibla

Shumba Viamboni
Jumamosi, 9 Novemba 2024

Kwa Nesi Haidar Jecha,
Wodi ya wagonjwa mahututi

Assalaam alaykum,

Kwa jina pengine hutanikumbuka. Mimi ni Rahila Msellem, mke wa Abdulnasir, yule mchumaji karafuu aliyekatikiwa na tawi mwezi wa tisa akaanguka kwa kichwa, mkamlaza kitanda cha ukutani mpaka Mungu akamchukua. Mimi ndiye niliyekuwa nikikuuliza kila upitapo, "Hiyo ya nini? Na hiyo?" Siku moja ukanambia, "Bibi, umeniuliza maswali kuliko walimu wangu wote." Hukusema kwa ubaya. Ulicheka nami nikacheka, kisha nikaona haya kuwa nimecheka mahali pale.

Sasa niko edani, sitoki. Simu ninayo, lakini kuzungumza na mwanamume asiye maharimu wangu wakati huu moyo wangu haukubali. Mkwe wangu, Bi Mwanabaraka, mamake Abdulnasir, ndiye aliyesema, "Barua haina sauti, mwandikie." Atakuletea wifi yangu Samiha, anakuja kliniki ya mimba hapo kwenu.

Nataka kujua mlikuwa mkifanya nini. Silaumu. Ni kwamba nilikaa pale nikatazama kila kitu na sikuelewa hata kimoja, na sasa ninapokaa ndani mchana kutwa vinanijia.

Kitanda, kwa mfano. Mbona mlikiinua upande wa kichwa? Abdulnasir alikuwa halalii mto. Nikimwekea, asubuhi naukuta mlangoni, sijui umefikaje. Nikimtazama kainuliwa vile kama mtu aliyekaa barazani, nilisema moyoni, huyu akiamka atagomba.

Na dripu. Mjomba wake, Mzee Mmanga, aliwaomba mumtundikie ya sukari apate nguvu, mkakataa. Mkatundika ya chumvi. Mtu hajala chochote, chumvi itamfanya nini? Na tochi ile mliyokuwa mkimmulika machoni kila saa, mlikuwa mnatafuta nini humo? Mlimpa dawa ya kumlaza, kisha mlipomnyonya makohozi mlifanya haraka haraka kama mnaochelea kumwamsha. Sasa mlitaka alale au aamke?

Halafu shingo. Mlikunja vitambaa mkamwekea huku na huku ili kichwa kisigeuke. Kikigeuka inakuwaje? Hilo nieleze kwa urefu, usinikatie.

Nilisoma mpaka kidato cha pili, kwa hiyo andika kwa maneno ya watu.

Rahila Msellem


Jumamosi, 16 Novemba 2024

Bi Rahila,

Waalaykum salaam. Nakukumbuka sana. Ulikuwa na kanga nyekundu, na ulikuwa ukimkwaruza kiganja kwa kidole huku ukimhadithia habari za mbuzi aliyezaa. Mwenzangu wa zamu mpaka leo ananiuliza kama yule mbuzi alipona.

Nitajaribu kueleza. Ukinikuta nimeingia Kiingereza, nipigie kelele kwenye barua ijayo.

Mtu akijigonga kifundo cha mguu, mguu unavimba, na ngozi inatanuka kuupa nafasi. Ubongo nao ukigongwa unavimba, lakini wenyewe umo ndani ya fuvu, na fuvu la mtu mzima halitanuki. Chukua sufuria ya wali. Umeifunika, umepalia makaa juu ya kifuniko, na mchele umezidi kipimo. Wali unavimba na hauna pa kwenda. Kifuniko cha sufuria kitainuka. Cha kichwa hakiinuki. Kwa hiyo mgandamizo unapanda humo ndani mpaka damu mpya inashindwa kuingia, na ubongo usioingiwa na damu unakufa.

Ndani ya fuvu mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, damu, na maji kidogo. Kimoja kikiongezeka, kingine lazima kipungue. Basi kazi yetu yote uliyoiona ilikuwa kutafuta nafasi.

Tunainua kichwa ili damu iliyokwisha kutumika iteremke upesi kurudi moyoni. Chumvi ile ni kali kuliko ya kawaida. Ikiwa kwenye damu inayavuta maji kutoka kwenye ubongo uliovimba, kisha yanatoka kwa mkojo. Sukari ni kinyume chake: mwili unaila, yanabaki maji matupu, nayo yanakwenda kuongeza uvimbe. Mzee Mmanga aliniona mchoyo, najua. Aliniambia, "Kijana, hata chai yenu haina sukari?"

Dawa ya usingizi ni kuutuliza ubongo usitumie nguvu. Kukohoa na kukakamaa hupandisha mgandamizo, ndiyo sababu makohozi tunayanyonya upesi na kumwacha apumzike. Hatukuogopa aamke. Tuliogopa akohoe. Na kwenye tochi tunatazama mboni. Mboni ya mtu mzima wa afya ikipigwa na mwanga inajikunja. Ubongo uliovimba ukikandamiza mshipa wa jicho, mboni inabaki imetanuka, mwanga hauifanyi kitu.

Shingo uliniambia nisikukatie. Mishipa mikubwa inayorudisha damu kutoka kichwani inapita shingoni, kulia na kushoto. Ukigeuza kichwa ukakiacha kimepinda, ni sawa na kukanyaga mpira wa maji. Damu inaingia kichwani na haipati njia ya kutoka, na mgandamizo unapanda palepale. Ni jambo dogo kwa macho, lakini kwa mgonjwa wa namna ile ni hatari kubwa. Ndugu wengi hawajui. Hata kwa marehemu, siku moja baada ya saa za kutazama wagonjwa nilikuta kitanda kimeteremshwa na kichwa kimegeuzwa ukutani, na kusema kweli nilikasirika sana.

Nimefurahi kuandika haya. Hapa watu huuliza "Atapona?" tu, na hilo ndilo swali tusilolijua jawabu lake.

Mungu amrehemu Abdulnasir.

Haidar Jecha


Shumba Viamboni
Jumamosi, 23 Novemba 2024

Ndugu Haidar,

Mbuzi alipona, mwanawe hakupona. Mwambie mwenzako.

Barua yako niliisoma kwa sauti, kwa sababu Mama (mkwe wangu namwita Mama) anasoma herufi za Kiarabu tu. Tulikuwa ukumbini, yeye anakuna nazi. Kwenye sufuria ya wali alicheka. Kwenye chai ya Mzee Mmanga alicheka mpaka akaacha kukuna. Nikafika kwenye shingo. Nilikuwa nasoma mbele kwa mbele bila kutazama maneno yanakwenda wapi, na niliposema "nilikasirika sana" akainuka kwenye mbuzi ya nazi, akaingia chumbani kwake. Nazi ilibaki nusu mpaka chungu wakaipata.

Sikukueleza kila kitu katika barua ya kwanza. Maswali mengine yote yalikuwa yangu kweli. La shingo lilikuwa lake, na sababu hakuniambia wakati ule.

Aliyekigeuza kichwa ni yeye. Mama ndiye anayeitwa hapa Shumba mtu wa kike anapokuwa katika sakarati ya mauti. Anamlaza kibla, anamtia maji midomoni, anamtamkisha shahada, na roho ikitoka anamfumba macho. Amewashika wengi, na wana na wajukuu wa wengine wanamwita bibi kwa ajili hiyo. Alasiri ile mlipotupa nafasi ya kuingia mmoja mmoja, alimtazama mwanawe akaona alama anazozijua. Kibla kilikuwa upande wa ukuta. Hakuweza kuugeuza mwili wote na mirija ile. Basi akateremsha kitanda kama alivyokuona wewe ukizungusha kile kishikio chake, akakigeuza kichwa peke yake, taratibu, akamsomea.

Kisha akatoka akakaa kwenye benchi. Ndipo wewe ukaingia, na mlango ulikuwa wazi. Alikusikia ukisema, "Nani kageuza kichwa hiki? Mambo haya ndiyo yanayowaua wagonjwa wetu." Asubuhi yake Abdulnasir akafariki.

Hakumwambia mtu. Mimi nilijua juzi juzi tu, baada ya kumuuliza kwa nini hataki kwenda kwa Bi Asya. Bi Asya ni jirani yetu wa nyumba ya nne, figo zimemchosha, wameshamrudisha nyumbani. Kila siku anamtuma mtu: "Mwambieni Mwanabaraka aje anikalie." Walisoma chuo kimoja cha Kurani, waliolewa mwaka mmoja. Mama hendi. Kasema, "Mkono huu hauendi tena kwenye kichwa cha mtu." Anakula kidogo kama anayemwonea huruma mpishi.

Nakuomba, kwa hiyo, uniambie kweli. Je, ni yeye? Usitupake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama ameketi na maiti maisha yake yote, maneno ya kupozea anayatambua tangu yangali mbali. Kama ni ndiyo, sema ndiyo, tutajua la kufanya. Hili la kutojua ndilo linalomla.

Na mimi nataka kujua. Nikimwangalia ananisugulia sufuria wakati mimi ndiye mkwe, nasema, mtu huyu hawezi kuwa ndiye. Lakini hayo si elimu.

Rahila


Jumatano, 27 Novemba 2024

Bi Rahila,

Samiha yuko nje ananisubiri, kwa hiyo nakuandikia haya mafupi.

Maneno yale niliyasema. Nilimwambia mwenzangu na sikujua kuna mtu benchini. Nimesoma barua yako mara mbili.

Jawabu ninalo, lakini sehemu yake si yangu. Kuna jambo daktari alimwambia mmoja wa wazee wenu, na mzee huyo akatutaka tulifiche. Sitakuandikia mpaka nimpate aniruhusu. Naambiwa yuko Unguja. Mwambie Bi Mwanabaraka anisubiri, na asinikasirikie kwa kumweka. Siandai uongo.

Haidar


Unguja
4 Disemba 2024

Kwa dada yangu Mwanabaraka,

Rahila, msomee polepole, na kama ana kitu cha moto mkononi mwambie akiweke chini.

Dada, ningekupigia simu, lakini wewe simu yangu huikata kabla sijafika kwenye maneno, na maneno haya ukiyakata katikati yatakuwa mabaya zaidi. Jicho langu la kulia bado limefungwa bandeji tangu lipasuliwe hapa Unguja, kwa hiyo ukiona mistari imepanda mlima usinicheke. Duka langu la Konde linashikwa na kijana wa Nassor, na najua anawapunja watu kanga, tutazungumza.

Nesi Haidar kanipata kwa simu juzi. Kanieleza uliyoyabeba. Mwanabaraka! Tumezaliwa tumbo moja, tumekula sinia moja, unabeba mzigo kama huo na mimi nakuja kwako kila Ijumaa nakunywa kahawa, huniambii?

Na mimi nisikufiche tena. Asubuhi ya siku ile, kabla nyinyi hamjafika kutoka Shumba, daktari aliniita pembeni. Kaniambia mboni za macho zote mbili zimetanuka tangu alfajiri na hazijibu mwanga. Dawa ile ya chumvi wamempa tena, haikushusha kitu. Picha ya kichwa wamewatumia mabingwa, wamejibu hakuna damu iliyoganda mahali pamoja ya kutolewa, ubongo wote umevimba, na kwa hali aliyofikia hata kufungua fuvu hakumsaidii. Kasema, "Mzee, tunaendelea kumtunza, lakini asiyekuwa na habari aanze kuambiwa."

Nikamwambia daktari, mamake asiambiwe. Mwacheni apate siku moja zaidi ya kuwa na mwana. Mlipofika mkaniuliza, nikawaambia, "Anaendelea." Kwa hiyo ulipoingia kumtazama, wewe hukuambiwa, na wewe peke yako ulijua. Nilikuona kwenye kioo cha mlango unateremsha kitanda. Nilijua unafanya nini. Sikukuzuia, kwa sababu nilikuwa naomba Mungu pawe na mtu wa kulifanya, na mimi sikuthubutu.

Nilidhani nakuhurumia. Nikaja nikakaa kimya baada ya mazishi, nikasema yamekwisha, ya nini kumtonesha. Sikujua kimya changu unakilipia wewe.

Nitusi nikirudi. Nimeshajitayarisha.

Ndugu yako,
Mmanga


Jumamosi, 7 Disemba 2024

Bi Rahila, na Bi Mwanabaraka,

Mzee Mmanga ameniruhusu, na amenambia amekwisha kuandika. Basi naongeza yaliyo yangu.

Ni kweli mboni zilitanuka alfajiri. Niliyekuwa na tochi ni mimi. Mchana wake zilikuwa vilevile, na baada ya kukuta kichwa kimegeuzwa nilizitazama tena, vilevile. Hakuna kilichobadilika kati ya kabla na baada.

Nilichokueleza kuhusu shingo sikifuti. Kwa mgonjwa ambaye ubongo wake bado unashindana na uvimbe, shingo iliyopinda ni hatari, na nitaendelea kuwagombeza watu. Lakini marehemu alasiri ile alikuwa amekwisha kuvuka hapo. Uvimbe ulikuwa umeshafika kwenye sehemu ya chini ya ubongo, inayoshika pumzi. Aliyekuwa akivuta pumzi ni mashine. Nimekwenda kwa daktari aliyemtibu, nimemuuliza bila kumwambia ninachotaka kusikia. Jawabu lake: "Hapana. Hakufa kwa hilo."

Mmesema nisipake mafuta, kwa hiyo nasema na hili. Mtu akiniuliza kama kwa zile dakika mgandamizo uliongezeka, nitasema huenda. Hatukuwa na chombo cha kuupima ndani ya fuvu, tunausoma kwa macho na kwa presha. Ila mtungi uliokwisha kujaa ukaanza kumwagika, tone la mwisho si ndilo lililoujaza. Kilichomuua ni mkarafuu na ardhi.

Utaniuliza, Bi Rahila, maana nakujua: kama ulijua mboni zimetanuka, ulikasirikia nini? Nimejiuliza wiki nzima. Daktari alikuwa amekubali. Mzee Mmanga alikuwa amekubali. Bi Mwanabaraka alikubali kwa kumtazama mara moja. Mimi nilikuwa nimemhudumia tangu alipoletwa, nimekunja vile vitambaa kwa mkono wangu, na nilikuwa bado sijakubali. Nilipokuta vimeondolewa, ilikuwa kama mtu ameniambia.

Bi Mwanabaraka, maneno yale hayakuwa yako. Nisamehe yalikukuta umekaa mlangoni.

Haidar Jecha


Shumba Viamboni
Jumamosi, 14 Disemba 2024

Kwa Nesi Haidar,

Anayesema ni Mwanabaraka, mkono wa Rahila. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitengenezee.

Barua zimesomwa. Yako imesomwa mara mbili, ya Mmanga mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza nilikuwa namtusi na sikusikia vizuri. Akirudi nitamkaribisha kahawa, kisha nitaanza.

Kijana, silii kwa sababu umeniambia siye mimi. Nalia kwa sababu umesema huenda. Wote hapa wananiambia, "Wala usiwaze," na mimi nikisikia hivyo nawaza. Wewe umeweka huenda mahali pake na hapana mahali pake. Hiyo naweza kulala nayo.

Abdulnasir alizaliwa miguu mbele. Mkunga aliniambia huyu atakuwa mtu wa kupanda. Akiwa mdogo alikuwa akipanda mlango, akakaa juu ya kizingiti akanichungulia nikipika, nikimwita chini anasema hawezi kuniona vizuri akiwa chini. Nakuambia ili umjue kidogo, wewe ulimpata amelala tu.

(Hapa Mama ameinuka kutazama sufuria jikoni. Nangoja.)

Haya, andika. Sasa zamu yangu kuuliza, maana Rahila peke yake asije akaonekana ndiye mwenye akili nyumba hii. Sisi tulifundishwa hivi. Mgonjwa wa kufa hulazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. Akiwa hawezi kulazwa ubavu, hulazwa chali, miguu yake ndiyo ielekee kibla, na kichwa kiinuliwe kidogo ili uso utazame huko. Kiinuliwe, Haidar. Shingo haipindi hata chembe. Nimewalaza watu hivyo mara nyingi, waliovunjika nyonga, waliovimba matumbo. Siku ile nilimwona mwanangu, yote niliyoyajua yakanitoka, nikashika kichwa peke yake kama mtu asiyefundishwa.

Na kitanda chenu kina magurudumu. Kichwa mlikwisha kukiinua wenyewe. Kilichobaki ni kukizungusha kitanda, miguu ije upande wa ukuta. Sasa nataka kujua, mirija ile inafika? Mashine inasogea pamoja naye au inabaki? Kama mama mwingine atakuja kesho, akaona nilichokiona, akakuita akakwambia, "Mwanangu, nigeuzieni kitanda," wewe na mwenzako wa zamu mta


Ndugu Haidar, hii sasa ni Rahila.

Mama hakumaliza. Wamekuja wajukuu wa Bi Asya wawili, wamesimama nje hawakuingia, wakasema bibi yao leo hajibu akiitwa na pumzi zimebadilika. Sijui walitegemea nini, kwa sababu wiki zote hizi wamekuwa wakirudi bure. Mama alikuwa amekaa kitako mkekani. Alikaa hivyohivyo, nikamwona anautazama mkono wake wa kulia, huku na huku, kama anayekagua samaki kama ni mbichi.

Akainuka, akaenda kutia udhu. Nilisikia maji yanakwenda muda mrefu. Akatoka na buibui mkononi.

Nikamwambia, "Mama, na barua? Swali hujalimaliza."

Akasema, "Mpelekee hivyo hivyo. Akijibu, utanisomea. Mimi nina mtu wa kumlaza."

Rahila